Nani Alikwambia Hiyo Harufu ni Kawaida?

Kwa miezi saba beseni la bluu liliishi chini ya sinki yangu. Asubuhi nalimwaga, jioni nalimwaga tena. Mgeni akijitolea kuosha vyombo namwambia, "Wewe kaa tu," naye anadhani ni ukarimu. Nilipomwita keateka, aliinama, akachungulia kabati kwa tochi ya simu, akainuka. "Siste, hiyo ni kawaida. Hizi nyumba zote ziko hivyo."

Nami nikakubali yaishe. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Jumapili moja mama wa chini alibisha mlango. "Msichana, hebu kuja uone." Juu ya kaunta yake ya jikoni dari ilikuwa na doa la rangi ya chai ya rangi, limevimba katikati, linadondoka. Pakiti mbili za unga zilikuwa zimelowa, na daftari la hesabu la mtoto wake lilikuwa limeanikwa dirishani. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Hayo maji huwa ni ya nini?" Ni ya sufuria, mama. Ni ya sahani, ya mafuta, ya samaki wa Ijumaa. Kumbe beseni langu lilikuwa likikinga nusu tu.

Usiku huo nilitoa kila kitu kabatini nikalala chali na tochi mdomoni. Hapakuwa na mtambo wowote pale. Kulikuwa na paipu ya plastiki yenye mikunjo, ile inayopindika kama mrija wa soda, imezungushwa duara na kufungwa kwa waya ili iige kile kipinda kinachostahili kuwa chini ya kila sinki. Paipu yenyewe ilikuwa ya inchi moja na robo, saizi ya sinki ya kunawia mikono, ikalazimishwa kuungana na ya inchi moja na nusu kwa silikoni. Washa hakuna. Kutoka hapo ilipanda kidogo kabla ya kuingia ukutani. Ndiyo, ilipanda, mtu aliyasomea maji kupanda mlima. Na tundu la ukutani lilikuwa limezibwa kwa juala, lile la supamaketi lililopigwa marufuku Agosti 2017. Kwa hivyo wapangaji kadhaa walikuwa wamelivumilia jambo hili kabla yangu, na kila mmoja aliambiwa ni kawaida.

Sasa sikiza, kwa sababu ujinga wetu ndio mtaji wa watu fulani. Ule mpindo chini ya sinki si pambo. Maji machache hubaki ndani yake kila ukimaliza kuosha, na maji hayo ndiyo mlango kati ya jikoni yako na bomba la majitaka. Wazo hili si geni: mtengeneza saa Mskoti, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo chenye mpindo wa aina hiyo mwaka wa 1775. Mpindo usipokuwepo, au ukikauka, gesi ya majitaka inapanda, ile yenye harufu ya yai viza, na mende wanapata barabara. Paipu ya mikunjo nayo hushika mafuta na makombo ya ugali katika kila mkunjo, na ukiimwagia maji ya moto mara kwa mara inalegea na kubonyea. Inavyofaa ni paipu laini, ngumu, inayoteremka taratibu, kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Ni hayo tu. Hakuna siri ya uhandisi hapo.

Fundi niliyemwita alimaliza kwa saa moja na nusu. Kipinda chenye umbo la herufi P, kipande cha paipu, kiungo, washa mpya, na kazi yake: jumla 2,100. Nilimuuliza kwa nini mwenzake alifanya vile. Akacheka. "Ukipewa nyumba arobaini umalize wiki hii, na vifaa umenunuliwa na mwenyewe, utafanya nini?" Kwa hivyo msikimbilie kumtukana fundi. Aliyenunua vifaa ndiye aliyeamua.

Na pesa zilikuwepo. Sebuleni kwangu kuna dari ya jipsamu yenye taa za buluu. Getini kuna jina la ploti kwa herufi za chuma zinazong'aa. Pesa hufuata kamera ya tangazo, na hakuna anayepiga picha ndani ya kabati la sinki. Nilimtumia mwenye nyumba picha zote pamoja na risiti. Jibu lilikuja baada ya siku tatu: "Asante kwa kutunza nyumba." Dari ya mama wa chini? Atakatwa kwenye deposti yake akihama, kwa sababu imeharibika akiwa ndani.

Mtasema, kuna sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na viwango vinavyofaa vya usafi. Safi sana. Sasa shuka kwenye sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi, sura ya 296: inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitafutie hapa Zimmerman nyumba ya 2,500 yenye sinki, nikununulie chakula cha mchana.

Wengine wataniambia, "Si uhame?" Nihame niende wapi? Nilipe deposti nyingine na pikapu, nikafungue kabati lingine nikute waya uleule? Kila tukihama kimya tunamwachia anayefuata beseni. Tunajua methali ya ufa na ukuta tangu darasa la nne. Mwenye nyumba pia anaijua. Tofauti ni kwamba ukuta utajengwa kwa deposti yetu.

Kwa hivyo, kabla hujatuma hata shilingi ya kushikilia nyumba, fungua lile kabati. Ziba sinki, ijaze, kisha iachilie maji yote kwa mpigo huku umeshika tishu chini ya kila kiungo. Tishu ikilowa, piga picha, itume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo, na udai irekebishwe iandikwe kwenye mkataba. Keateka atakuona una madharau. Mwache akuone hivyo.

Na kama tayari uko ndani, gonga mlango wa jirani. Kwetu tulianza wawili, mimi na mama wa chini. Tulipozunguka ngazi tukakuta mabeseni tisa. Barua imeandikwa, imetiwa sahihi na nyumba kumi na moja, na inaanza na dari ya mama wa chini.

Ile paipu ya zamani sikuitupa. Iko kwenye gunia juu ya kabati, na waya wake. Siku nitakayodai deposti nitaiweka mezani kwanza, kabla ya salamu.