Nani Alisema Mafuta ya Ng'ombe Hayatiwi Asali?

Sisi watu wa Masisi tuna tabia moja mbaya: kitu cha kwetu tunakitetea kwa mdomo, halafu tunakiacha kwa mikono. Siku ya ndoa tunasifu ng'ombe mpaka sauti inakauka. Kesho yake asubuhi angalia mezani: chai, mkate, na kopo la margarini iliyotoka dukani. Mafuta ya ng'ombe yako wapi? Na kibuyu cha kusukia maziwa, nani bado anacho?

Ajabu ni hii. Mama akijaribu kurudisha mafuta nyumbani kwa namna itakayowapendeza watoto wa leo, akayatia asali, tangawizi na mdalasini, watetezi wa desturi wanaamka wote: «Hapana, mama! Ile haiko desturi yetu. Unaharibu mafuta ya bakoko!» Margarini haikuwaamsha. Asali ndiyo inawakosesha usingizi. Mimi nasema wazi kwamba wamekosea adui, na nitajibu hoja zao moja moja.

Hoja ya kwanza ni mwiko. Ni kweli, katika nchi hizi za Maziwa Makuu wafugaji wengi walikataza kuchemsha maziwa, kwa hofu kwamba ng'ombe atadhurika. Lakini mwiko ule ulilinda maziwa. Mafuta yalikuwa na sheria yake. Yaliyeyushwa motoni, yakaunga maharagwe na mboga, na yale ya kujipaka mwilini yalitiwa mimea yenye harufu nzuri. Hata vyombo vya maziwa vilifukizwa kwa moshi wa majani ili vinukie. Sasa mtu anayetuambia kwamba koko zetu hawakutaka harufu nyingine katika mafuta, amesoma wapi?

Tazama majirani. Kule Ankole, Uganda, samli hupigwa pamoja na maji ya chumvi ya mwamba mpaka inakuwa mchuzi mweupe, eshabwe, na unaletwa mbele ya wageni wa heshima. Hakuna Mnyankole anayesema samli yake imeharibiwa. Wahabeshi nao huyeyusha siagi pamoja na vitunguu, tangawizi na viungo vingine, wanaiita niter kibbeh, na bila hiyo mchuzi wao haujakamilika. Kati ya viungo hivyo kimo kimoja kinachoitwa korarima. Je, wasomaji, mnajua korarima ni nani? Ni ndugu wa matungulu yetu, yale matunda mekundu ambayo watoto wanachuma porini na kufyonza. Wataalamu wa mimea wameviweka katika jenasi moja, Aframomum. Basi tunaambiwa viungo ni mambo ya Waarabu, na huku jamaa wa kiungo cha Wahabeshi anaota nyuma ya nyumba! Tangawizi tunalima. Vanila inatoka Beni na Lubero, mkoa wetu huu huu wa Kivu ya Kaskazini. Asali ya msituni inatoka Walikale. Mdalasini peke yake ndio unanunuliwa, na chai tunayoitetea kama ya kwetu nayo ilikuja na wageni.

Hoja ya pili inasemwa kwa sauti ya chini: eti mafuta ya ng'ombe ni mambo ya kabila fulani, wengine wasijitie. Hii ndiyo ya hatari zaidi. Tunajua historia yetu. Walowezi wa Kibelgiji walifungua mashamba ya ng'ombe katika milima hii. Kati ya 1937 na 1955 utawala wao ulileta familia nyingi kutoka Rwanda na kuzikalisha Masisi, katika nchi ya Wahunde. Ugomvi wa ardhi na madaraka ulikua mpaka vita vya 1993, na katika vita vile na vilivyofuata ng'ombe walichinjwa na kuibwa kwa wingi, makundi mazima yakaisha. Mwenye ng'ombe alilia, mchungaji alilia, na jirani aliyezoea kupewa maziwa ya mtoto alilia pia. Katika milima hii Mhunde, Mhutu na Mtutsi wote wamekamua, na wote wamekunywa. Ukitaka kuandika jina la kabila juu ya kibuyu, ujue unaandika kwa wino wa 1993.

Hoja ya tatu ni ya watu wa hesabu: «Maziwa ni franka. Peleka bidoni Goma, mafuta utanunua.» Hesabu nzuri, barabara ikiwa wazi. Lakini sisi tunaokaa njia ya Sake kwenda Masisi tunajua barabara yetu. Mwanzoni mwa 2024 mapigano ya Sake yalipokata njia ya Goma, lita za maziwa zilikuwa na thamani gani huku juu? Maziwa mabichi yanangoja siku moja, pengine mbili. Samli iliyopikwa vizuri inangoja miezi. Nyumba inayojua kusuka ina akiba. Nyumba inayojua kuuza tu inamwaga.

Na kuna jambo ambalo watu wa hesabu hawalitaji. Maziwa yalipokuwa ya kibuyu, mama ndiye alikuwa mwenye kibuyu: alijua apewe nani, na kiasi gani. Maziwa yalipoingia katika bidoni, mara nyingi pesa zake zinaingia katika mfuko wa baba, na si kila mara zinafika jikoni. Sisemi tusiuze. Nasema tusiuze mpaka tone la mwisho, halafu tumnunulie mtoto margarini. Kitu hicho kilibuniwa Ufaransa mwaka 1869, serikali ya Napoléon III ilipotafuta kitu cha bei ndogo cha kushika nafasi ya siagi kwa askari na maskini. Wao siagi iliwapungukia. Sisi ng'ombe wako mlangoni! Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi tuseme kazi yenyewe, maana maneno bila kibuyu ni upepo. Chemsha maziwa kwanza. Hapa nitagombana na wazee kidogo: ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, na kifua kikuu pia, vinaweza kupita katika maziwa mabichi, na mafuta yake hayaponi. Yakipoa, tia kijiko cha maziwa ya mgando, acha siku moja au mbili yagande. Jaza kibuyu nusu tu, kwa sababu mafuta yanataka hewa. Sukasuka bila haraka mpaka usikie mlio umebadilika na chembe zimejikusanya. Lita 20 hadi 25 zinatoa karibu kilo 1. Maziwa yanayobaki ni ya kunywa, usimwage. Osha mafuta kwa maji safi ya baridi mpaka maji yatoke meupe pee, kisha yakamue kwa mwiko wa mti.

Kwa nusu kilo tia vijiko vikubwa 4 vya asali, kijiko kidogo cha tangawizi kavu iliyosagwa, nusu kijiko cha mdalasini, na chumvi ya kuonja. Weka pahali pa baridi, yaliwe ndani ya wiki. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe, kwa sababu ya asali. Ukitaka ya kukaa miezi, yeyusha mafuta polepole pamoja na viungo bila asali, ngoja povu na mlio viishe, chuja katika chombo kikavu. Asali utatia siku ya kula.

Kwa watetezi wa desturi nina ombi moja. Siku ya utamaduni ikifika, msituletee tena kibuyu kitupu cha kuonyesha, kimepakwa rangi na kutundikwa ukutani. Leteni chenye maziwa, na mikono ya kukisuka. Atakayetaka mafuta matupu apewe matupu, atakayetaka ya asali apewe ya asali. Mzee akionja na kusema hayapendi, tutamheshimu. Lakini kwanza tumwulize: nyumbani kwake, kibuyu kilisukwa mara ya mwisho lini?