Kiondo Si cha Nyanya Peke Yao

Wenzangu, mbona mwanafunzi akifika na kiondo siku ya kufungua shule mnamcheka? Eti ushamba! Na anayecheka mwenyewe ameshika mfuko wa dukani uliokatika mkono kabla hajafika langoni.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti, 2017. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri hii hii, alikuwa ameipinga miaka mingi kabla ya hapo. Sasa tunangoja nini?

Maoni yangu ni kwamba tufundishwe kusuka, wavulana kwa wasichana. Vifaa si vingi: ni nyuzi za mkonge na vidole vyako. Unazisokota pajani, unaanza na kitako, nyuzi zikitawanyika kama miale ya jua. Kisha nyuzi mbili zinauzunguka kila uzi uliosimama, zikipishana. Hapo ndipo hutokea yale matuta madogo unayoyapapasa kwa kidole. Ukitaka kipanuke, ongeza nyuzi. Ukitaka milia, ingiza sufu ya rangi. Lakini ukilegeza mkono, wacha! Kinapinda kama boga.

Aliyesuka kitako tu, jioni nzima, hawezi kusimama sokoni Karatina akimwambia mama wa watu akate bei nusu. Huyo mama amekaa siku ngapi na kiondo hicho?

Walimu wetu, Jumamosi alasiri tuna nafasi. Nyanya wanaosuka wako huku vijijini. Tunaomba aalikwe hata mmoja, nasi mkonge tutaleta.