Bahari ya Msimbati si ya Wageni Peke Yao

Mwalimu anayetoka Singida au Tabora akapangiwa kazi Mtwara, aghalabu hukaa miaka mitano bila ya kulowesha mwili wake katika maji ya bahari. Huiona bahari kila aendapo sokoni, hula samaki wake, hulalamikia chumvi inayoila baiskeli yake. Lakini likizo ikifika hupanda basi kwenda kwao, au hubaki nyumbani akingoja mwisho wa mwezi. Ukimwuliza kwa nini hajafika Msimbati, atakujibu kwamba mambo ya kuogelea na kuzamia ni ya watalii. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi na, kusema kweli, nami nilikuwa nikilitoa mpaka likizo yangu iliyopita.

Nilikwenda Msimbati kwa wiki moja. Mvuvi mmoja mwenye umri wa baba yangu alikubali kunichukua katika ngalawa yake kwa malipo tuliyopatana. Nilifika pwani alfajiri nikiwa na miwani ya kuzamia niliyoazima, pamoja na haraka ya mtu wa mjini. Mzee akanitazama kwa upole.

"Mwanangu," akasema, "leo mwezi una siku ngapi?"

Sikujua. Nina shahada ya Chuo Kikuu, na saa ilikuwa mkononi, lakini sikujua mwezi una siku ngapi. Ulikuwa na siku nne. Akanieleza kwamba bamvua ilikuwa bado haijaisha nguvu. Kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hujaa sana na kutoka sana, na mkondo wa mlangoni humchukua mtu asimrudishe. Tungengoja mwezi ufike siku saba au nane, wakati wa maji mafu. Nami nikangoja. Siku zile nilifuatana na akina mama waliokwenda mwambani kutafuta pweza maji yalipotoka, nikiwa nimevaa raba zangu za zamani, nikianguka mara kwa mara na kuwachekesha.

Siku ya kuingia majini nilifungwa boya kifuani kama mtoto. Kwa dakika za mwanzo sikuona kitu ila hofu yangu mwenyewe. Kisha pumzi ikatulia, nikayaona matumbawe: mengine kama pembe za kulungu, mengine mviringo kama mawe ya kusagia, na samaki wa rangi wakiingia na kutoka kama watu wenye shughuli zao. Tukasogea kidogo. Hapo nikaona uwanja mtupu wa vifusi vyeupe, hakuna hata samaki mmoja. Nilipoinua kichwa mzee alisema neno moja tu: "Baruti."

Ndugu msomaji, habari za uvuvi wa baruti nimeziandika mara kadhaa, kwa maneno makali yanayostahili. Pwani yetu iliteswa na uovu huo kwa miongo mingi, kabla ya msako mkali wa katikati ya miaka ya 2010 na baada yake kuupunguza. Lakini mpaka siku ile nilikuwa naandika habari za kaburi nisilopata kuliona. Nikajiuliza ni maofisa wangapi wanaotia sahihi majalada ya bahari, na ni walimu wangapi wanaofundisha habari za matumbawe ubaoni, ambao hawajapata kutia vichwa vyao chini ya maji hata mara moja.

Na bahari yenyewe si ndogo. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ina eneo la kilometa za mraba 650, nayo ni ya pili kwa ukubwa wa hadhi hiyo baada ya ile ya Mafia ya mwaka 1995. Ndani yake mna vijiji, mikoko, visiwa na kasa, na gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1982.

Wapo watakaosema kwamba starehe za namna hii ni kasumba ya wakoloni. Hoja hiyo ina mizizi. Mwaka 1970 wasomi wa Dar es Salaam walibishana vikali magazetini juu ya utalii na ujenzi wa ujamaa, na ubishi huo ukachapwa kitabu mwaka 1973. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipata kusema, wakati wa Uhuru, kwamba yeye hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba. (Ruvuma ina mamba wa kutosha, na kwa hao naungana naye kabisa.) Hapa Msimbati palikuwa na Mwingereza, Leslie-Moore, aliyethubutu mwaka 1959 kutangaza kwamba mahali hapa ni dola yake na yeye ndiye sultani. Lakini ubishi wa 1970 ulihusu mgeni: aje au asije, na akija atuachie nini. Mwananchi mwenye likizo yake hakuzungumzwa sana. Kumwachia mgeni bahari, kisha tukaita woga wetu msimamo, huo nao ni utawala wa sultani, ila safari hii tumemtawaza sisi.

Tena liko suala la uhai. Mwezi Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, watu 228 walikufa, hali nchi kavu inaonekana. Sisemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Chombo kikipinduka ghafla hata mwogeleaji hunaswa. Nasema tu kwamba taifa lenye bahari na maziwa makuu kama letu halina haki ya kuhesabu kuogelea kuwa anasa.

Sishauri mtu akurupuke. Maingilio ya Ruvuma ni mpaka wa nchi, yana viboko, na tangu machafuko yalipozuka Cabo Delgado Oktoba 2017 eneo lile si la kuzururazurura. Apitaye huko aanze kwa Serikali ya Kijiji. Ushuru wa hifadhi ulipwe. Na mvuvi anayekuongoza alipwe kama mwalimu, asitupiwe sarafu kama mchukuzi, maana elimu yake ya mwezi na mikondo haikupatikana bure.

Vyuo vya ualimu vya Mtwara haviko mbali na ufuko wa Shangani. Wanachuo wapelekwe huko siku za maji mafu, pamoja na wazee wawili watatu wa ngalawa, wajifunze kuelea kabla ya kugawiwa shule za pwani. Maboya yatahitajika, na bajeti yake si kubwa. Mimi bado siogelei vizuri. Mzee ameniambia nirudi mwezi wa saba au wa nane, na alipoona nachungulia kalenda akacheka: alikuwa na maana ya siku.