Kipande cha Jeli Nacho ni Sampuli ya Mgonjwa

Majibu ya kipimo cha usugu wa dawa za VVU yanaporudi kliniki yakiwa na maneno mawili tu, "sampuli haifai", kila mtu huyasoma kwa namna yake. Muuguzi hudhani alikosea kutoa damu au alichelewa kuisafirisha. Mgonjwa, ambaye virusi vyake havijashuka chini ya nakala 1,000 kwa mililita licha ya vikao vya ushauri, hudhani damu yake ndiyo mbovu. Ni nadra mtu kufikiri kwamba damu ilikuwa njema, ilifika salama, vinasaba vya virusi vilinakiliwa kuwa DNA na kuzidishwa kwa mashine ya PCR, kisha vikapotea mezani, katika kazi fupi ya kukata kipande cha jeli.

Jeli yenyewe hutengenezwa kwa agarosi, unga utokanao na aina fulani za mwani mwekundu. (Wakulima wa Paje na Jambiani wasishangilie mapema: mwani unaolimwa kwa wingi Zanzibar hutoa karajini, inayotiwa katika vyakula na dawa za meno, si agarosi.) Umeme ukipitishwa ndani ya jeli, DNA, ambayo ina chaji hasi, husafiri kuelekea ncha chanya, vipande vifupi hutangulia, virefu hubaki nyuma, na kila ukubwa hujipanga kama utepe mwembamba. Ukionekana utepe mmoja safi, hakuna haja ya kukata chochote. Lakini pale ambapo virusi ni vichache katika damu, na uzidishaji ukalazimika kufanywa mara mbili mfululizo, hutokea tepe mbili au tatu. Zote zikipelekwa kusomwa pamoja, herufi za vinasaba hugongana na jibu huwa halisomeki. Ndipo mtaalamu hushika wembe, akakata utepe unaotakiwa, akauyeyusha katika kimiminika chenye chumvi kali kwenye joto la takriban nyuzi 50, akaipitisha DNA kwenye utando wa silika, akaiosha kwa mchanganyiko wenye alkoholi na kuikomboa kwa matone machache ya maji.

Kazi hii mara nyingi huachiwa mtu mgeni kuliko wote maabarani, kana kwamba ni kuosha vyombo. Historia haiungi mkono dharau hiyo. Mwaka 1979 Bert Vogelstein na David Gillespie walichapisha njia ya kuitoa DNA katika agarosi kwa kuiyeyusha jeli kwa sodiamu ayodaidi na kuinasa DNA kwenye unga wa kioo. Mwaka 1990 Boom na wenzake, huko Amsterdam, walitumia silika pamoja na guanidini thayosayaneti kutoa vinasaba moja kwa moja katika seramu na mkojo wa binadamu. Vifaa vingi vya leo vya kutolea vinasaba katika damu vinategemea tabia hiyo hiyo ya DNA na RNA ya kushikamana na silika mbele ya chumvi kali. Kilichoanza kama hila ya kuokoa DNA ndani ya jeli kiko karibu sana na kipimo anachofanyiwa mtoto mchanga wa mama mwenye VVU.

Sasa madhara. Utepe wa DNA hauonekani bila rangi na mwanga, na katika maabara nyingi mwanga huo ni wa urujuanimno wa mawimbi ya kati, takriban nanomita 302. Mwanga huo ndio unaoiumiza DNA: huunganisha herufi za thaimini zilizo jirani, na kimeng'enya kinachosoma mnyororo hukwama hapo. Fundi anayejitahidi kukata kwa unyofu, akiinama juu ya taa kwa dakika mbili, huenda akatoka na kipande kilichonyooka chenye DNA iliyoharibika, na macho yake yakidhurika asipovaa kinga. Taa ya mawimbi marefu ya nanomita 365, au ya buluu pamoja na rangi inayoendana nayo, hupunguza sana hasara hiyo. Palipo na taa kali pekee, picha ipigwe kwanza, alama iwekwe, na kukata kufanyike kwa sekunde, si kwa dakika.

Lakini hatari inayostahili kumnyima usingizi mkuu wa maabara ni wembe. DNA iliyozidishwa imo kwa mabilioni ya nakala. Wembe mmoja ukikata utepe wa mgonjwa wa tatu kisha wa mgonjwa wa nne bila kubadilishwa, virusi vya mmoja vyaweza kusomwa kwa jina la mwingine. Hapo hakuna "sampuli haifai". Hutoka jibu zuri, lenye sahihi, na mtu hubadilishiwa dawa kwa usugu asio nao, au huachwa katika dawa iliyokwisha kushindwa. Maabara makini hulinganisha mfuatano wa sampuli zote za siku moja: watu wawili wakionekana kuwa na virusi vinavyokaribia kufanana kabisa, na si wenzi wala mama na mwana, kazi hurudiwa tangu mwanzo. Bei ya wembe mpya kwa kila utepe haiwezi kuwa kisingizio.

Wapo wataalamu wanaosema kwamba dawa ya yote haya ni kutokukata jeli kabisa. Uzidishaji uboreshwe hadi utepe ubaki mmoja. Wana haki, na panapowezekana ndivyo inavyopasa. Ila mgonjwa mwenye virusi vichache hasubiri maabara ikamilishe maboresho yake, na damu iliyobaki kwenye friji mara nyingi haitoshi kujaribu tena mara tano. Kukata kutaendelea. Basi kipande kilichokatwa kipewe heshima ya damu ilikotoka: kiandikwe namba ya mgonjwa kabla ya kukatwa, kipimwe uzito, saa na aina ya mwanga viingie daftarini, na mtu wa pili athibitishe kwamba utepe uliokatwa ndio uliokusudiwa.

Na ripoti iseme kweli. Kama DNA ilipotea wakati wa kukombolewa, kliniki iandikiwe hivyo: "Damu ilipokelewa ikiwa nzuri, kipimo kilishindikana maabarani, kinarudiwa kwa sampuli iliyohifadhiwa." Muuguzi akiwa na sentensi hiyo mkononi ana cha kumwambia mgonjwa anayekunja mkono wa shati, tayari kuchomwa mara ya pili.