Mkwaruzo Si Sababu ya Kukwangua Meza

Meza ya mninga ikipata mkwaruzo, karibu kila mtu hutoa ushauri uleule: mwite fundi, aikwangue yote, aipige msasa hadi mbao tupu, aipake rangi ya kahawia iliyokolea, kisha vanishi nzito hadi ing'ae. Wenye meza hulipa na kufurahia mng'ao. Mimi nashikilia kwamba kazi hiyo, mara nyingi, huidhuru meza zaidi kuliko ule mkwaruzo.

Wanaoutetea ushauri huu wanaruka swali la kwanza: mkwaruzo umefika wapi? Juu ya mbao kuna utando mwembamba wa vanishi au laka, na mikwaruzo mingi ya nyumbani, ya funguo, ya sahani, ya vitu vya kuchezea vya watoto, huishia kwenye utando huo. Tunaona weupe kwa sababu mwanga hutawanyika palipochubuka. Lowesha kidole kwa maji upitishe hapo. Weupe ukipotea maji yakiwa bado hayajakauka, rangi ya mbao ipo salama. Vanishi isiyo na rangi, ikipakwa kidogo kwa brashi nyembamba, inatosha. Alama ikibaki imepauka, rangi imeondoka, basi itiwe rangi ya mbao ndani ya ule mkwaruzo peke yake, ndipo vanishi ifuate. Hakuna sababu ya kugusa meza nzima.

Vivyo hivyo kwa madoa ya vikombe. Duara jeupe lililoachwa na chai ya moto kwa kawaida ni unyevu ulionaswa ndani ya utando, wala haujafika kwenye mbao. Duara jeusi ni habari nyingine: maji yamepenya, na chuma kimekutana na tanini iliyomo ndani ya mbao. Hilo ndilo linalohitaji kazi ya kina.

Hoja nzito ya wanaotetea kukwangua ni kwamba kiraka, yaani sehemu iliyorekebishwa peke yake, huonekana. Ni kweli kwa baadhi ya vanishi tu. Shelaki huyeyuka kwa spiriti, na laka ya kawaida huyeyuka kwa tina. Tabaka jipya la kila moja huyeyusha kidogo lile la zamani na kuungana nalo. Poliyurethani haifanyi hivyo. Ikishakauka haiyeyuki tena, kwa hiyo sehemu inayorekebishwa lazima ikwaruzwe kidogo kwa msasa laini ili tabaka jipya lishike, na mpaka wa kiraka ni mgumu kuuficha. Kujua ipi ni ipi si kazi: dondosha tone la spiriti mahali pasipoonekana, chini ya ukingo wa meza. Vanishi ikinata, ni shelaki. Isiponata, jaribu tina: ikinata sasa, ni laka. Fundi asiyefanya jaribio hili hana msingi wa kusema kiraka kitaonekana.

Kinachoniuma zaidi ni ile rangi iliyokolea. Mninga una rangi yake ya dhahabu inayoelekea wekundu, na michirizi ambayo hakuna kopo linaloweza kuiiga. Mvule na msaji nayo, kila mmoja una sura yake. Mbao hubadilika rangi taratibu kwa miaka ya mwanga na hewa, na mabadiliko hayo yapo juu juu tu. Msasa unapopita, ndiyo ya kwanza kuondoka. Kisha chembe za rangi hujikusanya kwenye kila mfereji ulioachwa na msasa mkali uliokatiza nyuzi za mbao, na mistari myeusi hujitokeza baada ya kazi kukauka. Ili kuificha, huongezwa rangi nzito zaidi. Mwishowe mninga hauwezi kutofautishwa na paini.

Na si kila meza ina mbao ya kukwangua. Nyingine za dukani ni ubao wa unga wa mbao uliobandikwa ganda la mbao halisi lisilofika milimita 1. Msasa wa mashine hulitoboa kwa dakika chache, na hapo hapana marekebisho.

Hata vanishi nzito hailindi kama inavyodhaniwa. Mbao hutanuka na kunywea kufuata unyevu wa hewa: kabati lililozoea Dar es Salaam likihamia Dodoma hukauka na kunywea. Utando mnene na mgumu hauwezi kufuata mwendo huo, hupasuka. Matabaka membamba, kila moja likiachwa likauke vizuri, hudumu zaidi.

Kukwangua kuna mahali pake: vanishi iliyobanduka magamba, iliyopasuka kila upande, au inayonata kila msimu wa joto. Hapo msasa uanze na namba 120, uende 150, 180, bila kuruka, ukifuata nyuzi. Lakini kiti cha enzi cha Lamu chenye nakshi za mfupa au pembe usikikwangue kabisa, kwa kuwa msasa hula nakshi pamoja na vanishi. Na kwa meza ya kawaida, kabla ya kukubaliana bei, mwambie fundi afanye jaribio la maji na la spiriti mbele yako, kisha akueleze ni sehemu gani hasa anataka kuigusa.