Msilipue Jabali

Kila mwenye fedha anayeota kiwanja cha gofu kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria huanza na maneno matatu: urefu, maji, tingatinga. Urefu ili wageni wasidharau. Maji ili picha zipendeze. Tingatinga ili mawe yaondoke. Mtu mwenye mawazo hayo asipewe hata hatua moja ya ardhi ya Mwanza.

Mawe ndiyo Mwanza yenyewe. Mkazi wa Igogo au Mabatini hajui njia iliyonyooka ya kurudi nyumbani. Akishuka kwenye daladala jioni, mvua inanyesha, ana la kuamua: apenye vijia vya mkato katikati ya majabali, vinavyoteleza, afike mapema, au azunguke kwa barabara, achelewe lakini afike mzima. Anapima mzigo alioubeba, anaangalia giza, anaangalia viatu vyake, kisha anakata shauri. Hapo kuna somo zima la kuchora shimo la gofu, na tunalikanyaga kila siku.

Shimo zuri humuuliza mchezaji swali lenye majibu mawili au zaidi. Anayethubutu kupiga karibu na hatari, akifaulu, grini inamfungukia na mkwaju wa pili unakuwa mwepesi. Anayeikwepa hatari haadhibiwi papo hapo. Anapata nafasi tele, ila deni linamngoja mbele, kwa kuwa sasa anaitazama grini kwa pembe mbaya. Wazee wa bao wanalijua hili. Ukishakula, kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako, una hiari: ulale, uhifadhi mali, au usafiri, uivunje nyumba na kutawanya kete zote ukitafuta kula zaidi. Bao lingekuwa mchezo gani kama kanuni ingemlazimisha kila mtu asafiri?

Na bado viwanja vya kulazimisha ndivyo vinavyosifiwa. Shimo la 17 la TPC Sawgrass kule Florida, kiwanja kilichochorwa na Pete Dye na kufunguliwa 1980, ni grini iliyozungukwa na maji, yadi 137 tu kutoka unapopigia. Televisheni inalipenda. Mimi silipendi hata kidogo, na sitaki kuona nakala yake ikiletwa huku. Hodari na dhaifu wote wanaamrishwa kupiga mkwaju uleule. Niliwahi kucheza kwenye kiwanja kimoja chenye bwawa lililotandazwa mbele ya grini, ukingo hadi ukingo. Mzee niliyekuwa naye, amevuka miaka 70, alizamisha mipira mitatu. Hakuamua vibaya, hakupewa cha kuamua. Alirudisha fimbo kwenye mkoba akaniambia, “Endelea tu, mwanangu.” Nilikasirika siku ile na hasira haijaniisha.

Majirani zetu wa kiwanja cha gofu cha Jinja, Uganda, waliweka kanuni yao: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, uhamishe, hakuna adhabu. Watu huicheka. Mimi naiheshimu, kwa sababu aliyeitunga alijua kutenganisha mkosi na uamuzi. Mkosi akausamehe. Bwawa la yule mzee lilikuwa mkosi uliochorwa kwa makusudi kwenye karatasi.

Mwaka 1914 daktari wa Uingereza, Alister MacKenzie, alishinda shindano la jarida la Country Life la kuchora shimo. Mchoro wake ulimpa mchezaji njia kadhaa za kufikia grini: mwenye nguvu alikuwa na yake, mwenye akili ya mchezo yake, mzee naye yake. Baadaye yeye na mchezaji Bobby Jones walichora kiwanja cha Augusta National, Marekani. Pale, kwenye shimo la 13, kijito kinafuata ubavu wa njia kisha kinakatiza mbele ya grini. Thubutu kukivuka kwa mkwaju wa pili, au uweke mpira upande wa huku na kuvuka kwa wa tatu. Wachezaji wa siku hizi walipoanza kuvuka bila hata kusita, shimo lilirefushwa, kutoka yadi 510 hadi 545, kwa mashindano ya 2023. Wapenda urefu walisikie hilo vizuri: yadi ziliongezwa ili kusita kurudi.

Sasa tuje nyumbani. Nipeni jabali moja, mita 200 kutoka mahali pa kuanzia, katikati ya njia pana. Kushoto acheni uwanja ambao kundi zima la ng'ombe lingepita. Kulia, upande wa ziwa, acheni uchochoro wa hatua 25. Aliyepita uchochoroni anaiona grini yote. Aliyepita kushoto anakuta jabali la pili limemfichia nusu ya grini, na ardhi inateremka kumkimbia. Hakuna mtego wa mchanga hata mmoja uliochimbwa. Asubuhi, upepo ukitoka nchi kavu, mpira wa uchochoroni unasukumwa kuelekea majini. Alasiri upepo wa ziwa ukiingia, unausukuma kwenye jabali. Shimo ni lilelile, swali limegeuka. Mchoraji anayetoka ng'ambo na akae kwanza na wavuvi wa dagaa wa Igombe wamfundishe upepo huo.

Maji yenyewe yasiguswe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na anayelalamika kwamba ukanda huo unamharibia kiwanja hajui kazi yake. Majani yake marefu ni hatari bora kuliko bwawa. Mpira uliolala humo huenda ukaonekana, huenda ukapigika, na mchezaji anaamua upya: autoe kwa unyenyekevu au ajaribu grini? Tena ukanda huo huzuia mbolea ya nyasi isiteremke ziwani kulisha magugu maji. Tumeteseka nayo vya kutosha.

Basi kabla tingatinga halijawashwa, mchoraji atembee eneo lote kwa miguu, asubuhi na tena saa kumi jioni. Ahesabu majabali, aliandikie kila moja namba kwenye ramani. Na kila atakalotaka kulilipua, aje mbele ya watu wa Mwanza aeleze ni swali gani la mchezo analizika chini ya kokoto zake.