Daktari bingwa anajiandaa kwa mtihani wa wapi?

Madaktari wanaosomea ubingwa wa magonjwa ya ndani Afrika Mashariki hutumia miezi mingi kujibu maswali yaliyotungwa kwa ajili ya wodi za Uingereza. Tunaliangalia jambo hilo tukiwa Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako homa na maumivu ya mgongo yana majibu yake.

Tuanze na mgonjwa wa kufikirika, ingawa yeyote aliyefanya kazi katika zahanati za Meru atamtambua. Ni mkulima wa Akheri mwenye migomba, kahawa kidogo na ng'ombe wawili anaowafugia bandani. Ana homa inayoingia wiki ya tatu, usiku anatoka jasho, viungo vinamuuma. Ameshaambiwa ana malaria na taifodi, amemaliza dozi za zote mbili, na homa imerudi. Miezi miwili iliyopita ng'ombe wake mmoja alitupa mimba, naye ndiye aliyeondoa kondo kwa mikono mitupu. Hakuna aliyemuuliza habari za ng'ombe.

Kazi ya kuuliza swali hilo, mambo yanapokuwa magumu, ni ya daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, yule anayeshughulika na moyo, figo, mapafu, kisukari na homa zisizoeleweka kwa watu wazima. Mabingwa hao wengi wako kwenye hospitali kubwa za mijini. Tangu Mei 2024 Wizara ya Afya ya Tanzania imekuwa ikipeleka timu za mabingwa katika hospitali za halmashauri kwa kambi za siku chache, na wa magonjwa ya ndani ni mmoja wao. Kambi inasaidia, lakini homa ya wiki ya tatu haisubiri ratiba.

Kuwa bingwa ni safari ndefu. Ni miaka 5 ya shahada ya kwanza, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, kisha kwa kawaida miaka kadhaa kazini kabla ya kurudi darasani kwa shahada ya uzamili ya udaktari, inayochukua miaka 3 au zaidi katika vyuo kama Muhimbili, KCMC mjini Moshi au Bugando. Mwishoni kuna karatasi za maswali, wagonjwa wa kuchunguzwa mbele ya watahini, na mahojiano ya ana kwa ana ambayo hata daktari wa miaka kumi huyaingia mikono ikitetemeka. Anayeshindwa anasapu, na halmashauri iliyomruhusu kwenda kusoma inaendelea kungoja.

Madesa na maswali ya kulipia

Wanasomaje? Zamani ilikuwa ni vitabu vizito na madesa yaliyorithishwa kutoka darasa moja hadi jingine, yakiwa na maelezo ya pembeni kwa mwandiko wa watu watatu tofauti. Madesa bado yapo, sasa yanatembea kwenye simu. Lakini kilichoongezeka ni hazina za maswali za mtandaoni, ambazo nyingi ziliandaliwa kwa ajili ya mtihani wa vyuo vya kifalme vya madaktari wa Uingereza, unaojulikana kwa kifupi kama MRCP. Sehemu ya kwanza ya mtihani huo ina karatasi mbili za maswali 100 kila moja, na kila swali lina majibu matano ya kuchagua. Hata daktari asiyekuwa na mpango wa kuufanya mtihani wa Uingereza hununua maswali hayo, kwa dola au pauni, ajinoe kwa mtihani wa hapa.

Hatuyabezi maswali hayo. Mengi ni mazuri, yana maelezo ya kina, na njia yenyewe inafanya kazi. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima baada ya kusoma walikumbuka mengi zaidi wiki moja baadaye kuliko waliorudia kusoma tu. Dakika tano baada ya kusoma mambo yalikuwa kinyume, waliorudia ndio waliofanya vizuri. Ndiyo maana kurudia kusoma hutudanganya: usiku ule tunajiona tumeiva.

Lakini hapo ndipo shida ilipo. Kama kinachobaki kichwani ni kile unachoulizwa mara kwa mara, basi anayetunga maswali ndiye anayeamua daktari atakumbuka nini saa nane za usiku wodini.

Mgongo uliokauka

Chukua mfano wa pili. Mwanamume wa miaka 45, mgongo umekakamaa, shingo haigeuki vizuri, picha ya eksirei inaonyesha kano za uti wa mgongo zimegeuka kuwa ngumu kama mfupa. Katika hazina ya maswali ya Uingereza, jibu linalotarajiwa huwa ni ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo vya mgongo. Ukanda wa Mlima Meru, swali la kwanza linapaswa kuwa: unachota maji wapi?

Maji ya chemchemi na visima vingi kuzunguka mlima huu wa volkano yana floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo vya Meru, hasa upande wa Ngarenanyuki, vinavyozidi kiwango hicho mara nyingi. Watu wa Arusha wanaijua floraidi kwa meno ya kahawia, lakini ikinywewa kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa na kano. Serikali ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto, ambako mkaa wa mifupa ya ng'ombe hutumika kuchuja maji. Daktari aliyejiandaa kwa maswali 2,000 ya London anaweza kufika Meru akiwa hajaulizwa hata mara moja kuhusu jambo ambalo mama muuza ndizi wa soko la Tengeru analifahamu.

Madaktari wana kanuni kwa hili: kabla ya kipimo chochote, jiulize ugonjwa huu una uwezekano gani mahali hapa. Dalili zile zile, ukibadilisha mahali, jibu linabadilika.

Wagonjwa 870 wa Moshi

Ushahidi mzito zaidi uko karibu sana na Akheri. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, watoto na watu wazima, na matokeo yakachapishwa 2013. Madaktari waliandika malaria kwa wagonjwa 528, yaani zaidi ya asilimia 60. Vipimo vya uhakika vilikuta malaria ndiyo iliyosababisha homa kwa wagonjwa 14 tu.

Wengine walikuwa na nini? Miongoni mwa waliopimwa kikamilifu, zaidi ya robo walikuwa na maambukizi ya bakteria yanayotoka kwa wanyama: leptospirosisi, homa za kupe, homa ya Q na brusela. Kwa Watanzania wengi, leptospirosisi ilipata jina Julai 2022, ilipozuka Ruangwa mkoani Lindi ikaua watu 3 na serikali ikaitangaza kama homa ya mgunda. Kumbe Moshi ilikuwa imekwishaonekana miaka 14 kabla, bila jina hilo.

Hakuna hata mmoja wa madaktari wale aliyekuwa mzembe kwa kuandika malaria. Walijibu swali walilofundishwa kujibu.

Je, suluhisho ni kuyatupa maswali ya nje? Hapana. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu asilimia 26 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 wana kisukari. Mkulima wetu wa Akheri anaweza kuwa na brusela na kisukari kwa pamoja, na kwa kisukari hazina za Uingereza zinafundisha vizuri. Tunachohitaji ni maswali ya hapa yaliyotungwa kwa ustadi ule ule, kwa takwimu za Moshi, Kisumu na Lusaka, na yaingizwe kwenye mtihani wenyewe. Swali lisilotoka kwenye mtihani halisomwi. Tusijidanganye.

Arusha ina nafasi ya pekee hapa. Jumuiya ya Afya ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini ina makao yake katika jiji hili. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha kanda, COSECSA, kilichoanzishwa 1999, nacho kina makao Arusha, na kimeonyesha kwamba nchi kadhaa zinaweza kuwafundisha mabingwa ndani ya hospitali zao na kuwapima kwa mtihani mmoja. Madaktari wa magonjwa ya ndani walifuata nyayo kwa kuanzisha chuo chao, ECSACOP, chenye mafunzo ya miaka 4 hospitalini. Chombo cha kutunga maswali ya kanda, basi, kipo. Kutunga swali zuri, hata hivyo, ni kazi ya masaa mengi, na bingwa mwenye wodi nzima ya kuzungukia hana masaa hayo kama halipwi wala hapunguziwi zamu.

Kuna sehemu moja ya mtihani ambayo daima ni ya hapa: mgonjwa halisi. Mtahiniwa anakaa naye kitandani, anamsikiliza kwa Kiswahili, pengine Kimeru kinatafsiriwa na ndugu, kisha anamweleza mtahini kwa Kiingereza. "Mwili unawaka moto" lazima igeuke kuwa kitu kinachoandikika. Hapo ndipo habari za ng'ombe zinapotokea au zinapopotea.

Na zikitokea, kazi inayofuata haihitaji mashine ya mamilioni. Ni kupima damu kutafuta brusela, kisha doksisaiklini pamoja na rifampisini kwa wiki 6, na kumtuma mtu nyumbani kuuliza nani mwingine amekuwa akinywa maziwa ya ng'ombe yule bila kuchemsha.